Nyumba Isiyoruhusiwa Kutoa

Asubuhi ya maziko, wanawake wakiwa bado wamejilaza juu ya majani makavu ya migomba yaliyotandazwa sebuleni, mlinzi wa ukutani alitoa mlio mfupi kama mtu anayekohoa ili asikilizwe, kisha akasema kwa sauti ya kistaarabu:

"Kaya ya Mwaikambo. Wanaolala humu wamezidi idadi iliyosajiliwa kwa usiku wa tatu mfululizo. Wasiosajiliwa wanaombwa kuondoka."

Wa kwanza kumjibu alikuwa Bibi Anyosisye, shangazi wa marehemu, aliyelala chini ya ukuta huo huo.

"Nani huyo anayefukuza watu msibani? Hana mama?"

"Ni mlinzi, shangazi," alisema Subilaga, mjane.

"Ndiyo nauliza. Hana mama?"

Wanawake walicheka huku macho yao yakiwa bado mekundu, na mmoja akamrushia mlinzi jani la mgomba. Subilaga peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi pembeni ya jeneza la mumewe, mkono wake juu ya mbao, na alikitazama kile kisanduku cheupe kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani ambaye hajawahi kuuma mtu lakini meno yake yanaonekana.

Kisanduku kile hakikuzidi ukubwa wa mkate. Shirika la Angamoja lilikuwa limekifunga katika kila nyumba ya Tukuyu, tangu lilipozinunua njia nyingine zote za mawasiliano na kuzifunga. Bila mlinzi hukupata barua ya hospitali wala matokeo ya mtoto shuleni, hukuuza chai wala ndizi, na aliye mbali hukumwona uso. Usiku na mchana mlinzi alitoa mawimbi yaliyopita ndani ya nyumba, yakagusa vifua vya watu na kumrudia. Hivyo ndivyo Angamoja walivyojua chini ya kila bati wanapumua wangapi, na wangapi kati yao wamelala.

Siku ya kusajiliwa, karani alikuwa amemuuliza marehemu, Asegelile, "Mzee, mnaolala hapa ni wangapi?"

"Wawili," Asegelile alijibu, "na yeyote atakayefika."

Karani aliandika wawili.

Sasa walikuwa wamefika. Katika nchi ile mfiwa halali peke yake, hilo halijadiliwi. Watu huja na magodoro na wengine bila magodoro, hulala popote penye nafasi, na pumzi zao hujaa nyumba mpaka mwenye huzuni asisikie ukimya. Waliotunga kanuni za Angamoja labda hawakuwahi kufiwa. Au walifiwa, wakaachwa walale peke yao, wakadhani ndivyo dunia ilivyo.

Nje, kwenye moto wa kupikia, Tusekile alikuwa akiwagombeza vijana. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia ya miguu, nyuma ya migomba, na tangu msiba uingie hakuwa ameketi.

"Hizi kuni mbichi mmeleta za nini? Mnataka tulie mara mbili? Gwakisa, hebu waambie wenzako, mtu mzima kama wewe unabeba kuni zinazotoa maji! Nikizitia hapa, moshi utamfuata marehemu mpaka—"

Sauti ilikatika hapo. Mdomo wa Tusekile uliendelea kusogea, na mkono wake wenye mwiko uliendelea kupiga hewa, lakini hakuna kilichosikika isipokuwa kuni zikipasuka motoni. Alisimama. Akaugusa utepe mwembamba wa kijivu uliokuwa shingoni mwake, akaubonyeza, akaubonyeza tena. Halafu akageuka, akamtazama Subilaga aliyekuwa ametokea mlangoni.

Ndani, mlinzi alikuwa akisema kwa upole ule ule, "Laini ya kaya hii imefungwa. Mtambo usioruhusiwa umegunduliwa. Ofisa yuko njiani."

*

Madaktari walikuwa wamemtoa Tusekile koromeo kwa sababu ya uvimbe, wakampa utepe ule. Utepe ulisoma misuli ya shingo na ulimi, lakini haukujua kusema. Kusema kulifanywa na mtambo uliokuwa kwenye stoo ya Asegelile, nyuma ya magunia ya viazi. Miaka yake yote Asegelile alitengeneza redio na vipaza sauti vya kanisa. Alikusanya nyimbo za kwaya ambamo Tusekile aliwahi kuimba, na kanda zake za kazini, maana ni mwalimu, akiwaongoza watoto mstarini asubuhi, akaulisha mtambo, akaufundisha kwa uvumilivu. Siku moja Tusekile alifungua mdomo jikoni kwa Subilaga, akasikia sauti yake mwenyewe, na kile kicheko chake kinachoanzia puani. Wanawake wawili walipiga magoti sakafuni palepale.

Lakini mkataba wa Angamoja ulisema kwamba nyumba ni ya kupokea. Mtambo wowote unaofikiri na kujibu ulipaswa kukaa kwenye Ghala la Angamoja, mbali huko. Nyumba iliruhusiwa kuuliza, haikuruhusiwa kujibu. Wala laini ya nyumba moja haikuruhusiwa kumhudumia mtu asiyelala chini ya bati hilo. Asegelile alizivunja kanuni zote mbili kila siku, kutoka asubuhi Tusekile alipowasalimia wanafunzi wake hadi jioni alipowafukuza kuku. Aliuandikisha utepe kama kifaa cha nyumbani kwake, na kwa kuwa maneno ya mtu mmoja ni kitu kidogo kwenye laini, hakuna aliyestuka. Kila Jumamosi aliufunika mtambo kitambaa safi. "Hii ni sauti ya mtu," alikuwa akisema. "Haikai kwenye vumbi."

Uliofichua mtambo huo ni msiba wake mwenyewe. Kaya ikizidi idadi kwa usiku wa tatu, mlinzi hupekua kila kitu kinachopita ndani yake.

Ofisa alifika katika gari dogo lisilo na dereva, lililokwama kwenye tope la njiani ikabidi ashuke na kutembea. Jina lake lilikuwa Luambano. Kijana mwenye adabu, viatu vyake vikiwa vimelowa. Alivua kofia kabla hajavuka uzio.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Karibu," waliitikia.

Gwakisa, mdogo wake marehemu, alimsogezea kiti kabla hajamjua ni nani, na binti mmoja akamletea sahani ya mbalaga, ndizi za kupikwa, iliyokuwa bado inatoa mvuke. Ndivyo ilivyo: anayefika msibani hula kwanza.

"Nashukuru sana," Luambano alisema. "Lakini niko kazini."

"Kazini hawali?" aliuliza Bibi Anyosisye.

"Bibi, hairuhusiwi kupokea kitu kwa mteja."

"Aa! Nyumba hairuhusiwi kutoa, na wewe huruhusiwi kupokea. Sasa nyie mliumbwa kwa ajili gani?"

Vijana waliangua kicheko. Luambano alitabasamu kidogo, akaishika sahani kwa mikono miwili kwa sababu hakujua pa kuiweka, na akakaa nayo hivyo mpaka Subilaga alipokuja kumwita stoo.

Alifanya kazi yake haraka. Aliuondoa mtambo nyuma ya magunia, akauzungushia mkanda wa chuma wenye taa nyekundu, ukabana wenyewe. Kitambaa cheupe kilianguka chini. Alikiokota, akakikunja, akampa Subilaga. Ilikuwa heshima ya kweli, na ndiyo iliyomuumiza zaidi. Mtu mkali ungemfukuza.

"Mama, nisikilize," alisema. "Kwa kawaida muhuri huu unafuta kila kilichomo ndani ya mtambo jua likizama. Unafanya wenyewe, hata mimi sina uwezo wa kuuzuia. Lakini nimeona humu kuna kifaa cha afya. Shirika lina Kifungu cha Huruma."

"Kinasemaje?"

"Sauti inahamishiwa Ghalani. Ni muda wa kunywa chai tu. Jirani yako ataongea tena leo leo. Laini yenu inarudi. Waombolezaji wanapewa kibali mpaka kesho kutwa. Na nimeona pia kwamba una mtoto aliyeomba kuangalia maziko akiwa mbali."

Lusajo, mwanawe pekee, alikuwa kwenye machimbo ya chini ya bahari, mahali ambapo mtu hupanda juu kwa majuma, si kwa saa. Hakuweza kuja. Jana alikuwa amelia kwenye kioo cha mlinzi, uso wake ukiwa wa bluu kwa taa za huko, akasema, "Mama, nishikie mahali karibu na kaburi. Nataka nione udongo unavyoingia."

"Unaweka kidole gumba hapa," Luambano alisema, akimnyooshea kibao cheusi. "Basi."

"Sauti ikishahamia huko, inakuwa ya nani?"

"Ataitumia yeye kama kawaida."

"Sikuuliza nani ataitumia, mwanangu. Nimeuliza itakuwa ya nani."

Luambano aliangalia pembeni. "Kinachokaa Ghalani ni cha Ghala. Wanaweza kukitumia katika huduma zao nyingine."

Subilaga alizijua huduma hizo. Mzee Syabumi alikuwa msoma matangazo wa kanisa kwa muda mrefu kuliko wachungaji wote waliopita. Familia yake ilipeleka sauti yake Ghalani alipopooza. Alipokufa, hazikupita siku nyingi kila nyumba ikamsikia asubuhi akisifia dawa ya kuua magugu. Wajukuu zake wadogo walikimbilia ukutani wakipiga kelele kwamba babu amerudi. Ikachukua siku nzima kuwaeleza. Mkubwa wao alikataa kueleweshwa. Alikaa chini ya mlinzi akisubiri tangazo lirudiwe.

"Na kwa nini kidole kiwe changu?" Subilaga aliuliza. Sauti yake ilianza kupanda. "Sauti si yangu."

"Mkataba ni wa kaya, mama. Mwenye kaya amefariki, kwa hiyo ni wewe. Huyo jirani kwenye kumbukumbu zetu hayupo. Kilichopo ni kifaa cha nyumba hii."

"Hayupo?"

"Kwenye kumbukumbu."

"Amesimama hapo mlangoni, baba. Mtazame."

Luambano hakugeuka. Tusekile alikuwa pale kweli, mikono yake ina majivu, na alikuwa amesikia yote.

*

Gwakisa alimfuata shemeji yake mpaka nyuma ya nyumba, ambako vijana walikuwa wakimalizia kuchimba kaburi kati ya migomba. Mvua ilikuwa imeacha udongo mwekundu na mzito.

"Shemeji, weka kidole tuzike mtu."

"Si sauti yangu, Gwakisa."

"Ya nani? Ya kaka. Yeye ndiye aliyeitengeneza kwa mikono yake. Na wewe ndiye mrithi wake. Sioni tatizo."

"Aliitengeneza. Hakuizaa."

"Haya, tuseme ni ya Tusekile. Si atapewa? Ataongea, atafundisha, atatugombeza kama kawaida. Ikitangaza dawa za magugu huko Mbeya, yeye inampunguzia nini? Kilo?" Alipoona Subilaga hacheki, akashusha sauti. "Mtoto anataka kumwona baba yake akizikwa. Umelisahau hilo? Na ukikataa, wanakufuta. Hutaandikiwa dawa yako ya presha, hutamwona Lusajo hata siku ya Krismasi. Kwa ajili ya kanuni."

"Wao ndio wana kanuni. Mimi nina jirani."

"Ndiyo, na jirani anataka kuongea!"

"Umemuuliza?"

Gwakisa hakuwa amemuuliza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tangu asubuhi kila mtu alizungumza juu ya sauti ya Tusekile kama watu wanavyozungumza juu ya ng'ombe aliyefungwa nje.

Subilaga alirudi stoo, akafunga mlango. Luambano alikuwa ametoka kuwapisha. Taa nyekundu ya muhuri iliwaka gizani, na harufu ya viazi na risasi ya kuunganishia waya ilikuwa harufu ya mumewe. Alipiga magoti kumwomba Mungu.

"Bwana," alisema, na hakutafuta maneno mazuri, "nina hasira, na nakuja nayo hivi hivi. Sitaki kuwa shujaa. Nataka mwanangu aone udongo ukiingia. Ungeniomba kitu changu ningetoa. Nyumba ningetoa, shamba ningetoa. Wamenitaka niweke kidole kwenye kitu cha mwenzangu, wanaita huruma. Sijui kama nikikataa namwonea Tusekile au nikikubali namwuza. Wewe unajua. Nipe tu nguvu ya kwenda kumuuliza, maana naogopa atasema ndiyo, na naogopa zaidi atasema hapana."

Hakusikia jibu. Lakini magoti yalipoanza kumuuma alijikuta amesimama, na akachukulia kwamba hilo lilikuwa jibu la kutosha.

Tusekile alikuwa jikoni, mbele ya moto uliofifia. Subilaga alivuta kigoda, akamweleza kila kitu tangu mwanzo, hata yale aliyokwisha kuyasikia, ili asije akasema kesho kwamba alifichwa. Alimweleza juu ya jua kuzama, juu ya Ghala, na kwamba kanda za zamani zilishaharibika, kwa hiyo sauti ikifutwa haitatengenezwa tena.

"Na kuna Lusajo," alimalizia. "Hilo nakuambia kwa sababu sitaki kukuficha. Lakini ni langu. Usilibebe."

Tusekile akauchukua mkono wa kulia wa rafiki yake, akakikunja kidole gumba mpaka ndani ya kiganja, akavikunja vidole vingine vinne juu yake, ngumi ikafungwa. Akaishika ngumi ile kwa mikono yake yote miwili.

Subilaga alilia hapo, mara ya kwanza siku ile.

Tusekile akachana kipande cha jani bichi la mgomba lililokuwa limefunika sufuria, akachukua kijiti, akaandika kwa kukwaruza, mwandiko mzuri wa ubaoni: *Watoto wangu darasani watanisikia nikidanganya, nao huniamini.*

Chini yake akaongeza: *Lusajo?*

"Nitamwandikia," alisema Subilaga. "Kuna watu wanasafiri bado. Asiponielewa nitapiga magoti tena."

Akajifuta uso kwa kanga, akainuka kutafuta koleo.

*

Luambano alimwona akiingia stoo na koleo, akamkimbilia.

"Mama, usifanye hivyo. Muhuri ukikatwa siwezi kukusaidia tena."

"Hujanisaidia bado."

"Ukikata, kaya inafutwa. Yote. Si laini tu. Huwezi kuwa na kaya nyingine maisha yako yote."

"Nilizaliwa kabla ya kaya zenu."

Mkanda ulikuwa mwembamba lakini mgumu, na mikono ya Subilaga ilikuwa ya mtu aliyelima chai, si ya fundi. Alibana, koleo likateleza. Alibana tena. Mara ya tatu mkono mwingine uliwekwa juu ya wake, ukabana naye. Alikuwa Gwakisa, amenuna kama mtu aliyelazimishwa.

"Sijabadilisha mawazo," alisema. "Ila unavyoshika koleo unamwaibisha kaka."

Mkanda ulikatika. Sebuleni mlinzi akatamka, "Kaya ya Mwaikambo imeondolewa," na taa yake ndogo ikazimika. Wanawake walinyamaza. Kilikuwa kimya cha ajabu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho nyumba ile ilikuwa haina mtu mwingine anayesikiliza.

Hewa ilikuwa ya mlinzi, na mlinzi aliondoka nayo. Utepe na mtambo havikuweza tena kufikiana bila waya. Gwakisa alikwenda kwenye gari la kanisa lililoleta vipaza sauti, akarudi na gombo la waya mweusi begani. Akaupitisha dirishani mwa stoo, kati ya migomba, mpaka ukingoni mwa kaburi, huku akilalamika kwamba watu wanaukanyaga. Ncha yake akaiunganisha kwenye tundu dogo la utepe, mahali pa kuuchajia. Tusekile aliinua kidevu kama mtu anayenyolewa.

Wakati wa wasifu ulipofika, mchungaji alimpisha. Alisimama mbele ya jeneza na karatasi mkononi, waya ukimning'inia shingoni na kupotea ndani ya majani. Alifungua mdomo.

Mwanzoni ulitoka mkwaruzo tu. Watu waliinamisha vichwa, wengine kwa aibu kwa niaba yake. Subilaga alikaza macho kwenye waya kana kwamba angeweza kuusukuma kwa kutazama.

"Marehemu Asegelile Mwaikambo," sauti ikasema, wazi, na mtetemeko wake ule ule wa kwaya, "alizaliwa hapa hapa, katika nyumba iliyokuwa ya miti."

Alitaja shule aliyosoma marehemu, kazi aliyofanya, ubatizo, ndoa, ugonjwa. Alisoma bila haraka. Alipofika mwisho, pale panapotajwa waliobaki, aliishusha karatasi.

"Ameacha mke, na mtoto mmoja ambaye leo amezuiwa kutuona," alisema. "Na ameacha sauti hii."

Kilio kilichoinuka kiliwafanya ndege waondoke kwenye miti. Bibi Anyosisye aliketi chini kwenye udongo wenye tope na kanga yake mpya. Subilaga alisimama wima. Alikuwa akimfikiria kijana mmoja mbele ya kioo cheusi, chini ya maji mengi, akibonyeza na kubonyeza. Udongo ulipoanza kuingia, aliutazama kwa makini, donge kwa donge, ili aweze kumsimulia.

Luambano alikuwa amesimama nyuma ya wanaume, kofia mkononi. Watu walipoanza kutawanyika alimkaribia mjane, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa kumkumbusha:

"Mama, kanuni inasema kwa waya au kwa hewa. Waya umetoka nje ya kuta. Hiyo pia ni kutoa huduma. Nalazimika kuripoti."

"Ripoti," alisema Subilaga. "Waambie nyumba hii ilitoa. Ilitoa chumvi, ilitoa moto, ilitoa mahali pa kulala, na leo imetoa sauti ya kumuaga marehemu. Waambie mlijaza ukuta wangu macho miaka yote hii, mkahesabu pumzi zetu tukiwa usingizini, na siku mume wangu alipokata yake hamkusema hata pole. Mlichoona ni kwamba tumezidi. Ripoti hivyo hivyo. Usipunguze neno."

Kijana alibonyeza kibao chake. "Siwezi hata kutuma sasa hivi," alisema. "Kifaa changu kinategemea mlinzi wa hapa."

"Wa kwangu amezimwa."

"Ndiyo."

"Basi panda mpaka barabara kuu. Na pale jikoni sahani yako bado ipo, imefunikwa."

Hakuichukua. Aliondoka akitembea kwenye tope, akigeuka mara moja tu. Wote walijua angerudi, na hatakuwa peke yake.

Gwakisa alikuwa ameegemea sepetu, amelowa udongo mpaka magotini. Aliutazama waya uliolala ovyo kwenye majani, akatazama ng'ambo ya njia ya miguu, kwenye bati la nyumba ya Tusekile.

"Huu ukiachwa juu hivi, mbuzi wataula," alisema.

Alichoma sepetu ardhini chini ya dirisha la stoo. Vijana waliochimba kaburi walitazamana. Mmoja akauliza urefu wa kwenda chini uwe kiasi gani, na Gwakisa akamjibu kwamba anachimba mfereji, asidhani anamzika mtu wa pili. Wakaanza wote. Walipofika kwenye njia ya miguu, mtu mmoja alisema kwamba njia ile ni ya halmashauri, haikatwi bila kibali. Bibi Anyosisye aliagiza kiti chake, akakiweka katikati ya njia, akaketi.

"Nani anapita?" aliuliza. "Mimi simwoni."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima vya magharibi waya ulipoingia kwa Tusekile kupitia chini ya mlango. Mtambo ulikuwa bado una kila kitu ndani yake. Kwa Subilaga, wanawake walikuwa wamerudi kwenye majani yao, idadi ile ile na zaidi, maana wengine walikuwa wamesikia habari wakaja na watoto. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Walikuwa wakisikiliza upande wa migombani, na dakika zikapita, na Subilaga akaanza kuomba kimoyomoyo.

"Jamani!" sauti ilipasuka ng'ambo, yenye hasira tupu, ikaingia madirishani. "Nani ameniwekea masufuria ya msiba juu ya kitanda changu? Yana masizi! Nani?"

Hakuna aliyejibu. Kila mtu alitaka aulize tena.